Naomba ushauri: wanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) na maswali ya uthibitisho

Wadau, salaam kutoka Kampala. Tunawanoa wanafunzi kwa mtindo wa Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati: maswali 6, siku 2, muda wa saa 4 na nusu kila siku, alama 7 kila swali. Uthibitisho ndio unawaangusha. Wape x² + y² = 2023 kwa namba kamili; watajaribu namba mpaka wachoke, kisha waandike "haina jibu". Huo si uthibitisho! Mraba ukigawanywa kwa 4 hubakiza 0 au 1, kwa hiyo jumla ya miraba miwili haibakizi 3, na 2023 inabakiza 3. Wakionyeshwa wanaelewa. Shida ni kujua lini wajaribu 4, lini 3, 7 au 8. Mnawafundishaje kuchagua kigawanyo? (Jiometria tuiache kwanza, huo ni msitu.)