Likizo ya familia kwa bajeti ndogo: tupeane uzoefu, na dharau tuziweke kando

Mwanzisha Uzi
Wakuu, shule zikikaribia kufungwa maneno huanza. Mwenye kulipia hoteli humtazama mwenye hema kana kwamba maisha yamemshinda. Mwenye hema naye husema wa hoteli hajatoka nyumbani, amehamisha tu televisheni. Wa nyumba ya kupanga kwa siku anawadharau wote wawili. Msimamo wangu ni huu: likizo ya bei ndogo huharibiwa na maandalizi mabovu, kisha lawama zinatupiwa bei. Kigingi kilipigwa wima, godoro lilitandikwa juu ya ardhi ya baridi, mkataba haukusomwa hadi mwisho, halafu mtu anarudi akitangaza kwamba cha rahisi hakifai. Anayejua kitu akiweke hapa, lakini kiwe na vipimo.

Mzee wa Turubai
Hapo kwenye kigingi umenigusa. Mahema ya familia mengi huanguka usiku wa manane, na mwendo wa kuanguka kwake ni uleule.

Kwanza kamba moja ya upande wa upepo inalegea, kwa kuwa kigingi kilipigwa wima kwenye udongo laini. Kitambaa kinaanza kupigapiga. Mapigo hayo ndiyo yanayong'oa kigingi cha pili, maana kila pigo linavuta kwa ghafla. Kitambaa cha nje kinalala juu ya cha ndani, na maji yaliyokuwa yakiteleza yanapenya. Mtoto aliyelala ukingoni analowana mabega, analia, wote wanaamka. Mtu mzima anafungua mlango atoke kukaza kamba, upepo unaingia kupitia mlango huohuo na kuinua hema kama tiara. Nguzo inavunjika pale vipande vyake vinapoungana. Asubuhi familia inafungasha, na mtaa mzima unaambiwa hema ni mateso.

Tiba yake inafanyika jioni, si usiku. Fikeni angalau saa mbili kabla jua halijazama. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uupe mgongo. Kigingi kipigwe kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi, kichwa kikielekea nje na ncha ikielekea chini ya hema, na kamba ikae chini kabisa karibu na udongo. Kamba ifuate mstari wa mshono, usiivute pembeni. Vile vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na hema vinafaa ardhi ngumu tu. Udongo laini unataka vya sentimita 25 hadi 30, vipana. Mchangani hata hivyo havishiki: jaza mfuko mchanga, ufunge kamba katikati, uuzike sentimita 30 au 40, kisha ukanyage juu.

Na turubai la chini lisichomoze hata kidole kimoja nje ya hema. Likichomoza linakinga mvua na kuipeleka chini ya migongo yenu.

Dada Mwepesi
Sahihi kabisa mzee, hasa hilo la turubai la chini.

Mama Mapacha
Shikamoo Mzee wa Turubai, vipimo vyako sina ubishi navyo. Ila mnazungumza kama hema linajipikia. Swali langu ni moja: likizo ya nani? Anayepika nyumbani siku 350 anahamishiwa kwenye jiko la moto mmoja, sufuria mbili, maji ya kuchota mita 200, na kuosha vyombo amechuchumaa. Hiyo ni kazi ileile katika mazingira magumu zaidi. Hoteli ya kifurushi, kitanda na chakula na vinywaji bei moja, inachekwa na hao wanaojiita wapenda maumbile, lakini kwa watoto watatu wanaodai kitu kila dakika 40 hesabu yake inalipa. Unajua jumla kabla hujatoka mlangoni.

Kaka Ramani
Mama Mapacha, nakuheshimu, ila hilo ni tatizo la mgawanyo wa kazi ndani ya nyumba. Mnaandika zamu kabla ya safari: mmoja anapika, mwingine anaosha, watoto kuanzia miaka 7 wanachota maji na kupanga vigingi. Chakula cha siku ya kwanza kinapikwa nyumbani na kugandishwa kwenye chombo kisichovuja. Njiani kinasaidia kupoza vingine kwenye boksi la baridi, jioni kinapashwa tu. Siku nyingine chungu kimoja basi.

Mama Mapacha
Zamu ya karatasini huisha siku ya pili, kaka yangu. Anayejua chumvi ilipo ndiye anayepika.

Kaka Ramani
Basi asiyejua ndiye afungashe boksi la jikoni. Atajua ilipo.

Mlinzi wa Kumbukumbu
Dharau hii mnayoizungumzia ina umri mkubwa. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, mwanzilishi wa safari za pamoja za bei nafuu, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, Uingereza, nauli shilingi moja kwa kila mtu. Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth aliandika barua gazetini kupinga reli ya kwenda Windermere, kwenye eneo la maziwa kaskazini mwa Uingereza. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba uzuri wa milima na maziwa unahitaji macho yaliyofunzwa, kwa hiyo kuwamwaga watu wa kawaida pale kwa wingi hakutawafaidi. Reli ilifunguliwa 1847 na watu wakaenda. Ufaransa nayo ilipowapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo yenye malipo mwaka 1936, na nauli za treni zikapunguzwa, walikuwepo walionung'unika kwamba fukwe zimevamiwa. Sikilizeni vizuri maneno ya leo kuhusu kambi na vifurushi: lawama inaanza kwa kusema mahali pameharibika, inaishia kwa kusema watu wale hawastahili kuwepo.

Wanaodharau mabweni ya hosteli wajue pia kwamba hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana ilifunguliwa ndani ya ngome, Altena, Ujerumani, mwaka 1912, na mwalimu wa shule, Richard Schirrmann. Aliianzisha ili watoto wa mijini wapate mahali pa kulala wanapotembea. Leo hosteli nyingi zina chumba cha familia chenye mlango wake. Uliza kama mashuka yamo, na kama bafu ni la chumba au la korido.

Mvuvi
Hosteli zina kelele usiku.

Muuguzi wa Zamu
Naomba msimame kidogo. Mmetaja jiko na hema kwenye uzi mmoja, na kuna jambo lazima liandikwe hapa.

Picha yake ni hii. Jioni imenyesha. Jiko la mkaa limemaliza kupika, makaa yamefunikwa majivu, hakuna mwali wala moshi. Watoto wanatetemeka. Mzazi mwenye huruma analisogeza jiko kwenye baraza la hema, anafunga zipu nusu, joto zuri linaingia. Makaa yale yanayoonekana kulala yanaendelea kutoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, kwa saa kadhaa. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka bila kubeba inachotakiwa kubeba. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Familia nzima ikiugua pamoja wanadhani ni chakula. Aliyelala hapati hata hizo dalili. Anazama moja kwa moja usingizini. Watu wamekufa hivyo, familia nzima, huku hema likiwa limesimama vizuri kabisa.

Jiko la mkaa, hata lililozimika jioni ile, halikai ndani ya hema wala barazani. Limwagiwe maji mpaka liwe baridi, libaki nje. Mkihisi dalili, tokeni WOTE nje kwanza, pigeni simu ya dharura, na mtaje kwa kinywa kwamba mnashuku kaboni monoksidi. Msirudi kulala kwa sababu kichwa kimepoa. Na kile kipima oksijeni cha kidoleni msikiamini: kinaweza kuonyesha namba nzuri, kwa kuwa hakitofautishi damu iliyobeba gesi hii na ile iliyobeba oksijeni. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli.

Dada Mwepesi
Mungu wangu. Hilo la barazani wengi wanaliona la kawaida kabisa.

Mvuvi
Ukiacha dirisha la hema wazi si inatosha? Wengi hufanya hivyo na wanaamka salama.

Muuguzi wa Zamu
Haitoshi, ndugu Mvuvi. Dirisha la hema ni upana wa viganja viwili, na usiku usio na upepo hewa haisogei. Jiko la gesi nalo vivyo hivyo, na taa ya mafuta. Kununua king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri ni vizuri, ila ni ulinzi wa ziada. Hakimpi mtu ruhusa ya kuingiza moto.

Mama Mapacha
Sasa mnaelewa kwa nini wengine tunalipia hoteli.

Muuguzi wa Zamu
Mama, hatari hii haichagui bei. Nyumba ya kupanga yenye kifaa cha gesi cha kupashia maji ndani ya bafu lisilo na bomba la kutolea hewa chafu inaua vilevile, hata kama picha zake ni za kupendeza. Mkiingia tu, tazameni kifaa kiko wapi, bomba linatoka nje kweli au limeishia darini, na mwali ni wa buluu au wa njano. Mwali wa njano na masizi ukutani, zimeni, ombeni chumba kingine. King'ora kile kiwekeni kwenye begi hata mkienda hotelini.

Mzee wa Turubai
Muuguzi, asante sana. Niongeze upande wa baridi, maana baridi ndiyo inayowafanya watu waingize jiko. Baridi ya usiku hutoka chini. Watu hujifunika mablanketi matatu na kulalia hewa tupu. Yageuzeni: mawili yawe chini ya mgongo, moja juu. Mtoto abadilishwe nguo zote kabla ya kulala, soksi zikiwemo, kwa sababu za mchana zina jasho hata zikionekana kavu. Msipige hema bondeni, maana hewa ya baridi na maji ya mvua vyote hushukia huko. Matundu ya juu ya hema yaacheni wazi, vinginevyo pumzi za watu wanne zinageuka matone na alfajiri mtaapa kwamba hema linavuja.

Mhasibu wa Nyumbani
Wanaobishana kipi ni rahisi wanalinganisha bei ya tangazo. Fanyeni hivi: chukua nauli, malazi, usafi wa mwisho, mashuka, maegesho, mizigo, viti vya kukaa pamoja na watoto, usafiri wa kutoka kituoni, na chakula. Gawanya kwa idadi ya watu, kisha kwa idadi ya usiku. Ada ya usafi hulipwa mara moja, kwa hiyo usiku mbili inauma, usiku saba inasahaulika. Ndiyo maana nyumba ya kupanga kwa wikiendi mara nyingi inashindwa na hoteli ya kawaida. Amana iandikwe pembeni kwa kuwa inarudi, ila pigeni picha kila chumba saa ile ya kuingia, hasa meza, godoro na vioo.

Hema nalo lina hesabu yake. Lililoandikwa watu 4 linalaza wanne wakiwa bega kwa bega bila begi hata moja. Familia ya wanne inataka la 6. Angalia kipimo cha kuzuia maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hayajapenya: milimita 3000 kwa kitambaa cha nje kinatosha mvua nzito, sakafu iwe zaidi ya hapo. Ukienda mara moja tu kwa mwaka, kodi au azima. Hema likihifadhiwa na unyevu linaota ukungu, na likishaota harufu haitoki.

Kaka Ramani
Tena safari ianze saa tisa usiku. Watoto wanalala garini, barabara tupu, mnafika mapema.

Muuguzi wa Zamu
Kaka, saa hizo ndizo mwili unazodai usingizi kwa nguvu kuliko zote. Dereva alale kamili, muondoke alfajiri.

Kaka Ramani
Madereva wakiwa wawili inawezekana.

Muuguzi wa Zamu
Wawili waliolala, sawa. Wawili waliofungasha hadi saa sita, hapana.

Mama Mapacha
Watoto wamelivalia njuga hili la hema, kwa hiyo nauliza kwa nia njema. Magodoro ya kupuliza: kila mtu anasema yanatoboka usiku wa kwanza. Kuna namna?

Mzee wa Turubai
Mengi hayajatoboka, mama. Hewa ya mchana ina joto. Usiku ikipoa inasinyaa na godoro linalegea. Lijaze mchana, liongeze kidogo kabla tu ya kulala, na asubuhi lipunguze hewa kabla jua halijapiga hema, la sivyo linavimba na kupasua mishono. Ukishuku tundu kweli, paka maji ya sabuni ukianzia kwenye valvu, maana huko ndiko linakovujia mara nyingi. Povu likitokea mwilini mwa godoro, kausha kabisa, sugua kwa msasa laini, gundisha kiraka cha mviringo; chenye pembe hubanduka. Na kabla hamjaondoka, lisimamisheni hema mara moja nyumbani, mlimwagie ndoo mbili za maji, mhesabu vigingi.

Mama Mapacha
Vinatakiwa vingapi?

Mzee wa Turubai
Hesabu matundu na kamba zote, kisha ongeza sita. Na nyundo ya mpira, mama. Jiwe linapinda vichwa. Ikae juu kabisa ya mizigo, pamoja na tochi na makoti ya mvua.