Tafakuri ya mazoezi ya kufundisha: nitumie lugha gani?

Bint_Wete
Asalaam aleykum. Tumetakiwa tuandike tafakuri ya maneno 1,000 kwa Kiswahili. Nimefuata mzunguko wa Gibbs (muundo wa kuandika tafakuri), hatua zote sita: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango, lakini msimamizi anasema nimeandika ripoti. Kipande chenyewe hiki:

"Somo lilikuwa ufahamu, Kidato cha Pili. Wanafunzi walishiriki isipokuwa waliokaa nyuma, ambao ni wavivu. Muda haukutosha. Walimu wanapaswa kupanga muda vizuri."

Nikosoeni. Na je, "mimi" inaruhusiwa?

Mwalimu_Chake
Wa aleykumu salaam, dada. Nafsi ya kwanza inatakiwa kabisa, na hapo ndipo kipande chako kilipopwaya. "Muda haukutosha": nani aliumaliza? "Walimu wanapaswa": walimu gani, na aliyekuwa mbele ya ubao ni wewe? Sema ulichofanya, kwa kipimo: "Nilitumia dakika 25 kati ya 40 kuwasomea kifungu kwa sauti, zikabaki 15 tu za maswali."

Kisha toa sababu yako ya wakati ule, na unavyoiona sasa: "Niliwasomea mwenyewe kwa kuhofia wangekwama kwenye msamiati. Kumbe niliwanyima nafasi ya kupambana nao." Miundo mingine ya kukusaidia: "Mwanzoni nilichukulia kwamba…", "Kilichonifanya nibadili mawazo ni…", "Nikilitazama tena tukio hili, naona…".

Hilo la "wavivu" liondoe. Umetoa hukumu bila ushahidi. Ambapo huna hakika, tumia huenda, yamkini au inaelekea: "Huenda waliokaa nyuma hawakunisikia, kwani nilisimama karibu na ubao kipindi kizima."

Kalamu ya Mkoani
Naongezea upande wa viambishi vya njeo, maana wengi huchanganya. Tukio liandike kwa -li-. Nadharia iandike kwa hu- au -na-, kwa kuwa haijapitwa na wakati. Jambo lililokwisha na lisiloweza kurudi linataka -ngali- pande zote mbili: "Ningaliwaacha wasome kimya kwanza, wangalipata muda wa kufikiri." Usianze na -ngali- ukamalizia na -nge-. Mpango ni -ta-.

Mpango wenyewe uwe wa kutekelezeka. "Nitajitahidi kuboresha ufundishaji" haupimiki. Andika: "Kipindi kijacho cha ufahamu nitawapa dakika 10 wasome kimya, kisha wajadili wawili wawili kabla sijamtaka yeyote ajibu."

Bint_Wete
Ahsanteni sana. Hisia je? Nimeandika "nilijisikia vibaya", na sijui niongeze nini. Na nadharia niiweke wapi?

Mwalimu_Chake
Hisia ina thamani inapoonyesha ilikufanya ufanye nini: "Msimamizi alipoingia nilipata wasiwasi, nikaharakisha na kuliruka swali la tatu." Sentensi mbili tatu za namna hiyo zinatosha.

Nadharia iingie kwenye uchambuzi, ikigusa tukio lako moja kwa moja. Aya nzima ya kumweleza mwanasaikolojia Vygotsky ni nani haina faida. Mfano: "Vygotsky anaeleza kwamba mwanafunzi huweza kufanya kwa msaada jambo ambalo peke yake bado hajaliweza. Mimi sikuwasaidia kusoma, niliwasomea." Sentensi hiyo ya pili usiifute, inaonyesha pengo kati ya nadharia na ulichofanya.

Kalamu ya Mkoani
Kwa maneno 1,000 gawa hivi: tukio 200, hisia 100, tathmini 150, uchambuzi 350, hitimisho 80, mpango 120. Rasimu nyingi hutumia nusu ya maneno kwenye tukio, ndiyo maana husomeka kama ripoti. Ukizidisha, punguza hapo kwanza, uchambuzi usiuguse.

Kwenye tathmini usiorodheshe mabaya pekee. Taja na kilichofaulu, na kwa nini kilifaulu.

Jina la mwanafunzi wala la skuli usiliandike. "Mwanafunzi mmoja", "skuli moja ya Wilaya ya Micheweni" inatosha.