Rodi ya kwanza ya trauti: futi 7 na nusu au futi 9?

Mgeni_wa_Ragati
Habari zenu wakuu. Nataka kununua rodi (fimbo ya kuvulia samaki) yangu ya kwanza ya flai, yaani chambo bandia, iwe nyepesi, ya samaki wa trauti. Niko Nyeri, mara nyingi nitakuwa mito ya Ragati na Thego, na Mungu akijalia nitapanda mpaka Ziwa Rutundu, Mlima Kenya. Duka moja Nairobi wananiambia nichukue futi 9 namba 5 eti inafanya kila kitu, halafu kuna jamaa anauza ya mtumba, futi 7 na nusu namba 3, bei poa sana. Hizo namba ndo zinanichanganya, ni uzito wa rodi au ni nini?

Babu_Flai
Karibu kijana. Namba si uzito wa rodi, ni uzito wa mshipi ambao rodi imetengenezwa kuurusha. Flai ni manyoya na uzi kwenye ndoana, haina uzito wa kwenda popote yenyewe, unachorusha ni mshipi na flai inafuata, kwa hiyo rodi namba 3 inataka mshipi namba 3. Sasa Ragati msitu umefunika mto, na futi 9 utashinda ukitoa flai kwenye matawi. Mimi ningechukua hiyo fupi bila kufikiria mara mbili, ila hakikisha ni laini, inayopinda mpaka katikati, maana kule unarusha karibu sana na mshipi ulio nje ni kidogo, rodi ngumu haipati uzito wa kuipindisha. Pale vichaka vimebana kabisa unashika flai kwa vidole chini ya ndoana, unavuta rodi ipinde, unaachia, inaingia chini ya tawi vizuri kabisa.

Mama_Trauti
Shikamoo Babu, kwa Ragati nakubali, lakini amesema na Rutundu. Kule juu upepo ukianza, mshipi namba 3 unarudi usoni. Hata Mto Gura, kule mlowezi Mwingereza Grogan alikopeleka trauti wa kwanza Kenya mwaka 1905, maji yana kasi na samaki akishaingia kwenye mkondo unahitaji rodi yenye nguvu kidogo. Kama pesa ni ya rodi moja tu, tafuta futi 8 namba 4. Na iwe ya vipande vinne, inaingia kwenye begi, matatu haikusumbui.

Kijana_wa_Thego
Kwa hiyo ya mtumba, pitisha kipande cha soksi ya nailoni ndani ya kila pete ya rodi, zile mshipi unapopita, ikinasa ujue pete ina ufa na itakula mshipi wako. Halafu unganisha vipande uitikise, ukisikia kiungo kinagonga achana nayo. Na usisahau leseni ya uvuvi, pia mito ya trauti ni flai bandia peke yake, minyoo hairuhusiwi.

Mgeni_wa_Ragati
Asanteni sana, Mama hiyo ya upepo sikuwa nimeiwaza kabisa. Jumamosi naenda kuiona ya mtumba nikiwa na soksi mfukoni, pete zikiwa sawa naichukua kwa ajili ya mito, Rutundu itasubiri nipate namba 5. Babu, mshipi niweke unaoelea ama unaozama?

Babu_Flai
Marahaba Mama. Kijana, weka unaoelea. Mto wenyewe hauna kina, ukitaka flai ishuke tumia yenye shanga ya chuma kichwani.