Tuliopo Uingereza: barua ya uchunguzi wa afya ilipokufikia ukiwa mzima, uliifanyia nini? Tupeane uzoefu

MamaTumaini (Leicester)

Habari zenu ndugu zangu. Jambo hili nimekaa nalo miezi minne, leo nalileta hapa.

Nina miaka 58, nchi hii nimeingia 2006. Nilipofikisha miaka 56 ilikuja bahasha kutoka NHS, huduma ya afya ya taifa huku. Ndani mna kichupa cha plastiki, kifuniko chake kina kijiti. Maelezo yake: chovya kijiti kwenye haja kubwa yako, kirudishe kichupani, funga, tia posta, gharama imeshalipwa. Niliitupia kwenye droo ya jikoni. Siumwi tumbo, nakula vizuri, na mambo ya chooni kwa malezi yangu hayatumwi kwa posta. Wakanikumbusha kwa barua nyingine, sikujibu.

Huku England kichupa hicho, cha kutafuta dalili za saratani ya utumbo mpana, hutumwa kila baada ya miaka 2, sasa kwa watu wa miaka 50 hadi 74. Kilipokuja cha pili nilikuwa nimetoka kumzika jirani yetu, Mganda, mama mwenye watoto watatu. Saratani ya utumbo mpana ilikuja kugundulika imeshafika kwenye ini. Nikafanya kile kipimo siku ile ile niliyokipokea.

Majibu yakaja: kuna damu. Damu ambayo kwa macho yangu sikuwahi kuiona hata siku moja. Nikaitwa, nikanywa dawa ya kusafisha tumbo, usiku mzima sikulala, kesho yake wakapitisha kamera. Wakakuta vivimbe viwili, wakavikata hapo hapo. Daktari akasema si saratani, ila aina ile ikiachwa miaka mingi ndiyo huja kugeuka. Mwanangu aliyekuja kunichukua alinishika mkono hadi nyumbani, hatukusema neno.

Kinachoniuma ni ile droo. Kwetu Moshi hospitali unaifuata wewe, tena ukiwa umezidiwa. Huku hospitali inakufuata wewe ukiwa mzima, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatuiamini. Naomba kila aliyepata barua yoyote, ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya presha, atuambie alifanya nini.

MwanaNyeri (Milton Keynes)

Asante sana mama kwa kufungua hii mada, na pole.

Mimi ni dereva wa lori. Nilipofika 42 niliitwa na kliniki yangu kwa ule uchunguzi wa kila miaka 5 wa watu wa 40 hadi 74. Nilienda kwa sababu siku hiyo sikuwa na zamu, hakuna sababu nyingine. Muuguzi akapima kimo, uzito, kolestro, akafunga kile kitambaa cha presha mkononi. 168 kwa 104. Akangoja, akapima tena, ikabaki pale pale. Akaniuliza kama kichwa kinauma. Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Nilikuwa najisikia mzima kabisa.

Nikavalishwa mashine ya kupima saa 24, inafura mkononi hata ukiwa umelala. Ilithibitisha. Nikaanzishiwa amlodipine, dawa ya kushusha presha, na daktari akanieleza kwamba kwa mtu mwenye asili ya Kiafrika dawa ya kundi hilo ndiyo kawaida kuanza nayo, kwa kuwa hutufaa zaidi.

Baba yangu alianguka shambani akiwa na miaka 58, kiharusi. Nyumbani walisema amerogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba, na familia mbili hazijasalimiana mpaka leo. Nikikumbuka ile 168, nafikiria kwamba huenda baba alitembea nayo miaka mingi bila mtu hata mmoja kumfunga kile kitambaa. Nimewanunulia ndugu zangu mashine, kila Jumapili wananitumia namba kwa simu.

Kwa wale hawana nafasi ya kliniki: maduka mengi ya dawa hapa England yanapima presha bure kwa mwenye miaka 40 na zaidi. Unaingia tu na kuuliza.

Kipepeo_Mvita (London)

Barua ya uchunguzi wa mlango wa kizazi huanza ukiwa na miaka 25. Mimi niliikwepa hadi 31, kwa haya tu. Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuomba muuguzi mwanamke, na kwamba naweza kusema "simama" wakati wowote akasimama. Nilipokwenda walikuta HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, ila seli ziko sawa. Mwaka uliofuata nikarudia, kirusi kimeondoka chenyewe. Nilikuwa nimeshajiandikia kifo.

Binti yangu amechanjwa dhidi ya kirusi hicho shuleni akiwa na miaka 12. Chanjo hiyo ilianza hapa 2008, na utafiti uliotoka 2021 ulionyesha wasichana waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na 12 hadi 13 wamepungukiwa na saratani hiyo kwa asilimia 87. Na nyumbani ipo pia: Tanzania tangu 2018, Kenya tangu 2019. Dada zangu, mkipigiwa simu na mashangazi wanaosema inafunga kizazi, wajibuni kwa upole lakini wajibuni.

NesiWaZamu (Birmingham)

Nakubaliana na yote, ila naomba tusiisifu nchi hii tukasahau watu. Wanaume wanaozaliwa Blackpool wanatarajiwa kuishi takriban miaka 10 pungufu ya wanaozaliwa wilaya ya Hart, kule Hampshire. Nchi ni moja, NHS ni ile ile ya tangu 1948, barua ni zile zile. Wastani wa taifa hauonyeshi hilo. Na mwanamke mweusi hapa ana hatari zaidi ya mara mbili ya mwanamke mweupe kufa kwa sababu za uzazi.

Hilo la pili limenipitia mwilini. Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 34, kichwa kiliniuma siku mbili, macho yakawa yanaona vimulimuli. Hospitali niliyokwenda niliambiwa ni uchovu, nikapewa paracetamol, nikarudishwa nyumbani. Mimi ni muuguzi, nilijua ninachokisema, na bado sikusikilizwa. Usiku mume wangu akanirudisha, mkunga mwingine akapima presha na mkojo, dakika chache baadaye chumba kimejaa watu. Ilikuwa inaelekea kwenye kifafa cha mimba. Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji usiku ule, yuko hai, nami niko hai.

Siku ya tano walimchoma kisigino, wakachukua matone ya damu, kipimo wanachofanyiwa watoto wote, na ndani yake hupimwa pia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hapo ndipo tulipojua anabeba kinasaba kutoka kwa baba yake. Kwa hiyo nashukuru na bado nina hasira, vyote viwili.

MtotoWaBukavu (Leeds)

Mzee wangu alipofika miaka 65 aliitwa kupimwa mshipa mkubwa wa damu wa tumboni, kuona kama umevimba. Huitwa wanaume wote wa umri huo. Barua nilimsomea mimi. Aliniuliza: "Nani amewapa jina langu?" Kwa maisha aliyoyapitia, serikali ikikuandikia kwa jina, unafunga mlango. Tulibishana wiki tatu. Tukaenda, wakampaka mafuta baridi tumboni, dakika kumi, mshipa mzima. Nje akaniuliza kama kuna kingine cha kupimwa.

Wenye wazazi wasiojua Kiingereza: mkalimani ni bure, muombe mapema kwa simu. Msiwafanye watoto wadogo wakalimani wa magonjwa ya mama zao.

Mzalendo_Reading

Wanaume, saratani ya tezi dume haina barua. Usingoje. Mwanaume mweusi hapa, mmoja kati ya wanne huipata maishani; kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Hawaiti wote kwa sababu kipimo chake cha damu, PSA, hukamata na uvimbe ambao usingemdhuru mtu, akatibiwa, akabaki na shida ya mkojo au ya ndoa. Sababu hiyo naielewa. Lakini ukifika 50 una haki ya kuomba, daktari akakueleza faida na hasara, ukaamua. Mimi niliomba baada ya kaka yangu kuugua. Yangu ilikuwa chini, narudia kwa ushauri wa daktari.

Mgeni_Slough

Samahani, mimi karatasi zangu bado hazijakaa sawa na chumba nimepanga bila mkataba. Nina 51. Hiyo barua itanifikiaje?

MamaTumaini

Mwanangu, haitakufikia mpaka uwe umejiandikisha kliniki, maana majina wanayatoa huko. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa England hakuhitaji pasipoti, wala uthibitisho wa anwani, wala hawana ruhusa ya kukukatalia kwa sababu ya karatasi. Wa mapokezi akikudai, mwambie kwa adabu kwamba kanuni ya NHS haimtaki mtu avilete. Akikataa, niandikie pembeni, Jumanne sina zamu, nitapanda treni tuende wote.