Noizi geti, hambaka au utepe wa shaba? Gita linanguruma, naombeni ushauri kabla sijanunua

Solo_Mwanga
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Gita langu linanguruma mmmmm muda wote, tukinyamaza mchungaji aombe kanisa zima linasikia. Mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu: noizi geti (kile kifaa kinachofunga sauti usipopiga), au nibadili pikapu (kinasa sauti cha chini ya nyuzi) niweke hambaka (ya koili mbili), au fundi azibe ndani kwa utepe wa shaba. Dada yangu anatoka Dar Ijumaa, nataka nimwagize. Kipi?

FundiSpika_TBR
Mkuu hapo hujasema kitu. Gita aina gani? Pikapu ni singo koili (ya koili moja) au tayari hambaka? Unaingia kwenye amplifaya au moja kwa moja kwenye mikisa? Una pedali? Ukishusha volyumu ya gita mpaka sifuri muungurumo unakata au unabaki? Ukishika nyuzi je? Tusikupe dawa kabla ya vipimo.

Besi_Isevya
Hambaka, hakuna mjadala. Seth Lover wa Gibson aliibuni 1955 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Koili mbili, sumaku zimegeuziana na waya zimeungwa kinyume, kelele ya umeme inajifuta yenyewe sauti ya nyuzi inabaki. Mimi tangu niweke ya besi nimesahau hayo mambo.

Mwana_Ujiji
Besi acha hizo, huku kwetu sebene ndo kila kitu, ukiweka hambaka solo inakuwa nzito ile sauti ya kengele inakufa, halafu mtu anakaa anashangaa mbona hasikiki mbele ya kinanda. Kama ni gita la aina ya Stratocaster apeleke swichi ya kuchagua pikapu namba 2 au 4 kwanza, mengi siku hizi pikapu ya kati imegeuzwa makusudi, zikilia mbili kelele inafutika. Bure kabisa.

Besi_Isevya
Treble iko kwenye amplifaya kwa ajili gani? Na hiyo namba 2 na 4 sauti yake nyembamba, huwezi kupigia ibada nzima.

Solo_Mwanga
Ni la aina hiyo ya Strat, singo tatu. Natumia pedali za koro na dilei (ile ya mwangwi), zote mbili zinakula adapta moja yenye waya wa kugawa, halafu naingia mikisa. Nikishika nyuzi kelele inashuka sana. Volyumu ikiwa sifuri inapungua ila haiishi. Halafu jioni wakiwasha zile taa ndefu ndo balaa.

FundiSpika_TBR
Haya sasa tunaongea. Una kelele mbili, usizichanganye. Ya kwanza inaingia kwenye gita: mwili wako unavuta kelele za taa na nyaya za ukutani, ukishika nyuzi unaungana na ethi (waya wa ardhini) ndo maana inashuka. Hiyo shaba inaisaidia, ila utepe wote ugusane na uungwe na ethi ya gita, pima kwa mita, utepe unaoning'inia bila kuungwa haufanyi kazi. Na usije ukadhani shaba itamaliza kila kitu, ule muungurumo mnene wa hezi 50 unaotoka kwenye transfoma ni wa sumaku, shaba nyembamba haiuzuii. Jaribu kugeuka taratibu na gita, ukipata upande unapotulia simama hapo.
Ya pili, inayobaki volyumu ikiwa sifuri, haitoki kwenye pikapu. Weka betri za volti 9 kwenye pedali zote, chomoa adapta, sikiliza. Ikikata ujue hela yako iende kwenye pawa saplai yenye matundu yaliyotenganishwa (kila pedali na umeme wake), siyo kwenye pikapu.

Mwana_Ujiji
Noizi geti usinunue kabisa. Inafunga mlango ukinyamaza tu, ukianza kupiga gita ile kelele iko palepale, na ukiiweka baada ya dilei inakata mwangwi katikati.

Mama_Kwaya
Naomba nisemee jambo moja maana limetuumiza. Kanisani kwetu kulikuwa na kelele kama hiyo, akaja fundi akafungua plagi ya amplifaya akakata waya wa ethi, kelele ikaisha, kila mtu akamsifu. Tukakaa hivyo muda mrefu. Siku ya mkesha kijana wetu wa gita akasogea kuimba, mkono mmoja kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maiki. Alitupwa chini mbele ya watu. Kumbe ndani ya amplifaya umeme ulikuwa unavuja mpaka kwenye bodi, na kwa vile ethi haipo ukapita kwenye nyuzi na kwa mtoto wa watu, ukatokea kwenye maiki iliyoungwa na mikisa yenye ethi. Tulimkimbiza hospitali, Mungu alisaidia, lakini midomo iliungua na mpaka leo hataki kushika maiki. Jamani msikate ethi kwa sababu ya kelele. Msikate.

FundiSpika_TBR
Mama umesema la maana kuliko sote. Kama mzunguko wa ethi (vifaa kuungana ethi kwa njia mbili) ndo unaoleta kelele, kuna kiboksi cha DI (cha kuunganishia gita na mikisa) chenye swichi ya kuachanisha ethi, kinakata kwenye waya wa sauti tu, ile ya plagi inabaki inakulinda. Mkuu, soketi za kanisani kwenu zina ethi kweli? Majengo mengi tundu lipo lakini nyuma hakuna waya, wala chuma hakijazikwa nje.

Solo_Mwanga
Sijui, nitamuuliza aliyefunga umeme. Asante mama, nimeogopa kweli maana hata mimi naimba.

Kasulu_Rythm
Sisi huwa tunatumia jenereta kwenye mikutano ya nje, kelele zake ni kali za juu siyo huo muungurumo, hiyo inatibiwaje?

Besi_Isevya
Anzisha mada yako mkuu. Ila hambaka ingesaidia.

Mwana_Ujiji
Haya tena. Solo, umejaribu namba 2 na 4?

Solo_Mwanga
Bado, betri nimepata moja tu dukani. Dada anauliza anunue nini, nimemwambia asubiri kidogo. Kwani hiyo pawa saplai ya matundu yaliyotenganishwa Kariakoo wanauzaje?

Kasulu_Rythm
Akipita Kariakoo aniulizie na nyuzi namba 9, huku zimeisha.