Tuanzie wapi kuwapeleka watoto kwenye maonyesho ya jukwaani hapa Nairobi?

Mama Watatu, Donholm

Wazazi wenzangu, hamjambo. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu: kitinda mimba ana miaka 6, wa katikati ana miaka 10, na kifungua mimba wetu, msichana wa miaka 15, ameingia Gredi ya 10 mwaka huu. Uigizaji na densi wamezoea kuviona kwenye simu na runinga tu, nasi tungependa wakae ukumbini, waone watu wazima wakitoka jasho mbele yao. Tatizo ni kwamba maonyesho mengi huanza usiku, vichekesho vingine vina maneno ambayo singependa mdogo wangu ayarudie mbele ya nyanya yake, na kiingilio cha watu watano ukijumlisha na nauli si pesa kidogo. Je, nyinyi mlianzia wapi, na mnachaguaje onyesho lisilomshinda mdogo wala kumchosha mkubwa?

Baba Pacha, Lang'ata

Dada, kwa maoni yangu msianze na tamthilia. Tamthilia humtaka mtoto afuate maneno kwa muda mrefu, ilhali ngoma na sarakasi hazidai chochote ila macho. Mtoto wa miaka 6 hahitaji kuelezwa ugumu wa kusimama juu ya mabega ya mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwingine. Fuatilieni ratiba ya Sarakasi Dome pale Ngara, katika jengo ambalo wazazi wetu walilijua kama sinema ya Shan.

Bomas of Kenya, kituo cha ngoma za kitamaduni kilichoanzishwa 1971, ndiko wengi wetu tulikoonea ngoma tukiwa kwenye ziara za shule, lakini tangu 2025 pana ujenzi mkubwa wa kituo cha mikutano, kwa hivyo pigeni simu kabla ya kupanda matatu. Mkibahatika kupata kikundi cha isukuti popote pale, msikikose: ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe na njuga, hukisisimua kiti ulichokalia. UNESCO iliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na hilo peke yake linamtosha yule wa miaka 10 kuuliza maswali njia nzima ya kurudi nyumbani.

Fundi wa Taa

Nafanya kazi nyuma ya jukwaa, kwa hivyo nitasema yale ambayo mabango hayasemi. Kabla ya kununua tiketi, kipigie simu kikundi chenyewe, si ukumbi, uwaulize mambo matatu: onyesho lina urefu gani, lina mapumziko ya katikati au halina, na lugha yake inawafaa watoto wa umri gani. Vikundi vingi hujibu kwa ukweli, kwa sababu mtoto anayelia ukumbini huwaharibia kazi kuliko kiti kitupu. Ulizeni pia kama kuna onyesho la mchana siku ya Jumamosi au Jumapili. Mara nyingi mchezo huo huo wa usiku huchezwa alasiri, na hapo shida ya usafiri mnakuwa mmeimaliza. Ukumbi wa Kenya National Theatre uko Harry Thuku Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya jiji, na kutoka hapo mnaweza kurudi Donholm kabla giza halijaingia.

Kinachowatisha wadogo kwa kawaida ni giza. Taa za ukumbi zikizimwa, na tena baina ya sehemu moja ya mchezo na nyingine jukwaa linapokuwa jeusi kwa sekunde chache, mtoto asiyejua hudhani kuna jambo limeharibika. Mwambieni mapema kwamba giza hilo limepangwa na kwamba kuna mtu kama mimi aliyelishika mkononi. Msimulieni hadithi nzima pia, pamoja na mwisho wake, kwani mtoto anayejua kitakachotokea hutulia akitazama kinavyotokea. Viti vya pembeni, karibu na njia, ni bora kuliko vya mbele katikati. Na tafadhali, peremende zenye makaratasi ya kelele mziache nyumbani.

Nyanya wa Pangani

Namheshimu fundi, lakini nina neno kuhusu huku kuwafunza watoto kunyamaza. Hadhira yetu haikulelewa hivyo. Mtambaji akisema "Paukwa!" watoto huitikia "Pakawa!", na asipoitikiwa hana ruhusa ya kuendelea. Mtoto aliyezoea kuitikia hadithi nyumbani hujua wakati wa kusema na wakati wa kusikiliza, na hiyo ndiyo adabu ya ukumbini. Watambieni hadithi jioni, zimeni runinga, kisha watafutieni maonyesho ya watambaji ambako sauti ya mtoto ni sehemu ya mchezo. Kimya cha tamthilia ndefu kitakuja chenyewe akifika miaka tisa au kumi.

Mama Watatu, Donholm

Asanteni sana, na shikamoo, nyanya. Kwa wadogo nimepata mwanga. Huyu wa miaka 15 ndiye ananisumbua: anasema kutoka na wazazi na wadogo zake ni aibu, na tukimlazimisha atakaa akitazama simu.

Mwalimu wa Kiswahili, Kasarani

Mama, msimlazimishe, wala msimfanye yaya wa wadogo zake. Mruhusuni achague onyesho moja kwa muhula na aandamane na rafiki yake, nanyi mkae safu nyingine.

Kisha mpelekeni akawaone wenzake. Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu za shule na vyuo zimekuwepo tangu 1959, nazo hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa, kwa kawaida zikifikia kilele mwezi Aprili. Mashindano ya ngazi za chini hufanyika papa hapa jijini katika muhula wa kwanza, na kwa siku moja mtaona michezo mifupi, densi na mashairi ya shule mbalimbali. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya waamuzi kueleza walichokipenda na walichokikosoa. Kijana akiwasikiliza hujifunza kuitazama sauti, maleba na matumizi ya jukwaa, na baada ya hapo huanza kubishana nao, jambo ambalo kwa umri wake ni dalili njema.

Kwa kuwa yuko Gredi ya 10, muulizeni pia kama shule yake inafundisha somo la tamthilia na filamu katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hata kama yeye yuko katika mkondo mwingine, wanafunzi wa somo hilo huhitaji watazamaji wa mazoezi yao, na huko hatazamiwi kuja na mama yake.