Wakuu, "impale" kwa Kiswahili tunasemaje? Neno kuchoma limenikwamisha

KalamuKorogwe
Habari za jioni wakuu. Naandika simulizi za historia za kusikiliza na sasa hivi nipo kwa Vlad wa tatu, yule mtawala wa Wallachia (leo ipo ndani ya Romania) aliyekuwa anaua watu kwa kuwapitisha mti wenye ncha mwilini halafu mti unasimamishwa na mtu yuko juu yake. Waingereza wana neno moja tu, impale, wamemaliza. Mimi nikaandika "Vlad aliwachoma maadui zake kwenye miti". Jana namsomea mama akiwa anamenya mihogo, akasimamisha kisu akaniuliza, sasa hao wote kuni alizitoa wapi? Nikaishiwa nguvu, kumbe muda wote mwenzangu alikuwa anaona moto. Nikajaribu "kusulubisha", hapo mtu anaona msalaba na misumari. Halafu la pili, kuna kitabu kinasema nembo ya mume (zile alama za ukoo Wazungu wanazochora kwenye ngao) imekuwa impaled na ya mke wake, nembo inachomwaje jamani? Nisaidieni, narekodi Jumamosi.

MwanaKisauni
Ndugu yangu, sisi Mombasa sindano twadungwa, nyinyi huko ndio mwachomwa sindano. Tumia kudunga, haina moto ndani yake.

FundiManeno
Kudunga ni kwepesi mno mkuu, kitu kinaingia kinatoka basi. Anza na asili ya neno utaelewa yote mawili. Kilatini palus ni mti uliochongwa wa kusimika ardhini, na in- mbele yake ni "ndani, juu ya", Wafaransa wakapata empaler. Wareno kutoka palus hiyohiyo wana pau, gongo. Sasa Waingereza walipolianza karne ya 16 lilikuwa na maana ya kuzungushia uzio wa miti, yaani shamba ukilipigia boma ndo ume-impale, mtu kutobolewa kukaja baadaye. Nembo nayo iko upande huohuo wa uzio: ngao inagawanywa katikati kwa mstari wa wima kama mti umesimikwa pale, nembo ya mume inakaa kushoto kwako unayetazama, ya mke kulia. Hata maaskofu wao wanafanya hivyo, nembo ya dayosisi na ya askofu mwenyewe ngao moja. Hakuna aliyechomwa. Ukiweka neno la kutoboa hapo utakuwa umeharibu kabisa, andika tu "nembo mbili zilizogawana ngao".

mamaHuba
Mwanangu neno unalo mbona, KUTUNGA. Nimekulia pwani, samaki wadogo tunapitisha ujiti kwenye shavu unatokea mdomoni, mmoja baada ya mwingine, unabeba mtungo wako unaenda nyumbani. Shanga zinatungwa, nyama ya mshikaki inatungwa. Tofauti na kuchoma ni kwamba kilichotungwa KINABAKI kwenye mti, na hicho ndicho alichokuwa anafanya huyo mtu wako, alitaka waonekane. Mwiba ukikuchoma unautoa yanaisha.

FundiManeno
Mama shikamoo, hapo umenishinda. Na ni neno la zamani sana la Kibantu, Wazulu wana ukuthunga kwa maana ya kushona. Wasiwasi wangu ni mtunga mashairi, usije ukamwita "Vlad Mtungaji" watu wakadhani alikuwa malenga.

mamaHuba
Marahaba. Asimwite hivyo basi, aseme "aliwatunga kwenye miti iliyochongwa", nani atafikiria mashairi?

Zenji_wa_Darajani
Nakubaliana na mama. Naongeza tu kwamba jina la utani la Vlad, Țepeș, linatokana na neno la Kiromania țeapă, mti wa ncha, na Waturuki walimwita Kazıklı Voyvoda, kazık ni kigingi. Waarabu wanasema khazuq. Na angalia lugha zote tatu, mtu akitapeliwa wanasema amekula au amechukua kigingi, hofu ile ya zamani imebaki mdomoni mwa watu hadi leo. Sisi Waislamu tunasoma Surat al-Fajr aya ya 10, Firauni mwenye vigingi, na baadhi ya wafasiri wanasema ni vigingi vya kutesea watu. Ila kwa Vlad usiseme kigingi, kwetu kigingi ni kifupi cha kufungia mbuzi, sema mti. Na usiseme kaanza yeye, Waashuru walichonga kwenye mawe mateka wa Lakishi, mji wa Yuda waliouteka mwaka 701 KK, wakiwa wametungwa hivyohivyo, mawe yenyewe yako British Museum.

KalamuKorogwe
Asanteni sana, mama shikamoo na ubarikiwe. Nimeandika upya: "Mwaka 1462 Sultani Mehmed wa pili wa Waturuki alipokaribia Târgoviște, mji mkuu wa Vlad, alikuta msitu usio na majani. Watu walikuwa wametungwa kwenye miti iliyochongwa, wanaume, wanawake na watoto, na mwandishi Mgiriki Laonikos Chalkokondyles anasema walifika kama 20,000." Nimemsomea mama usiku huu. Akakaa kimya, akauliza "kama samaki?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema usinisomee tena wakati wa kula.